Gari Linalonguruma Langoni

Ti. Ti. Ti.

Hapo ndipo tulipomwacha Lillian juma lililopita: amekaa kitandani gizani, alfajiri bado, mchi wa kutwangia isombe, yaani kisamvu, mkononi, akisikiliza kitu kikidondoka uani pale mtaa wa Gitega, Kigali, mahali gari lake lilipolala. Mtu alikuwa anamwaga oili ya injini. Injini iliyofumuliwa yote na kuundwa upya, na leo ndiyo Jumapili ya kuijaribu.

Alifungua mlango kwa teke.

Miguu miwili ilikuwa imetokeza chini ya Pijo. Lillian akanyanyua mchi.

"Ukinipiga, dada, hii nati utaifunga mwenyewe," ikasema sauti kutoka chini ya gari.

Ilikuwa sauti ya Générose, fundi wake, jirani yake wa chumba cha pili. Mchi ukashuka. Lillian akakaa kizingitini, na hapo ndipo alipokiona chombo kilichokuwa kinakinga yale matone.

"Hiyo ni sufuria yangu ya maharage."

"Ilikuwa."

Générose akajivuta nje, mgongo mzima umelowa kwa umande. Alieleza kwamba usingizi ulimkimbia. Injini mpya ikishazoeshwa kazi, oili yake ya kwanza huwa imebeba vumbi la chuma, na haifai kupanda nayo mlima mrefu. Alikuwa na oili safi chumbani kwake. Kwa nini hakubisha mlango? Kwa sababu alijua Lillian hajalala vizuri juma zima, akaona heri amwache apate saa moja zaidi. Akalala yeye kwenye tope.

Akachovya vidole kwenye sufuria, akavisogeza kwenye kandili. Oili ilikuwa nyeusi, lakini haikumetameta.

"Tazama. Chuma imeacha kujila. Ringi zimekaa mahali pake. Hii injini iko mzima, dada. Sasa imebaki wewe."

Kwa msomaji anayetufungua leo kwa mara ya kwanza, habari yenyewe ni hii. Lillian ni mjane wa Rwema, aliyefariki Kampala. Rwema alimwachia mtoto mmoja, Cyusa, na Pijo moja ya dizeli, stesheni ndefu yenye turbo, yaani kile kikonokono cha chuma kinachoipulizia injini hewa ili ipande milima bila kulia. Vita ya Rwanda ilipokwisha, mwaka ule wa tisini na nne, Lillian alivuka mpaka na gari hilo, akaja Kigali. Cyusa akabaki Kampala kwa bibi yake mpaka mama apate pa kusimama. Na sasa amepapata: hospitali moja inataka gari la kuwachukua wauguzi asubuhi na kuwarudisha jioni, kuanzia kesho Jumatatu. Gari likiwepo, Cyusa anakuja. Gari lisipokuwepo, Cyusa anaendelea kukua bila mama.

Anayelitaka gari hilo ni shemeji yake, Nkusi, mdogo wa marehemu, mwenye ofisi na suti. Nkusi si mtu mbaya, na hilo ndilo linalomfanya awe mgumu kupingwa. Anasema gari ni la ukoo. Anasema turbo si kitu cha kuachiwa mwanamke, kwa maana imekufa mara mbili: mara ya kwanza mikononi mwa Rwema, na mara ya pili mwezi wa Oktoba mikononi mwake yeye mwenyewe, alipoliazima kupanda mlima wa Rebero kumwamkia shangazi yao. Ikiwa imewashinda wanaume wawili, je, huyu?

Ndipo Lillian aliposimama mbele ya ndugu wote akatamka yale maneno ambayo hata yeye yalimtisha alipoyasikia yakitoka.

"Jumapili nitalipandisha Rebero likiwa limejaa. Shangazi ataamua. Likifa njiani, au likitoa moshi wa buluu, ule wa turbo iliyokufa, mbele ya lango lake, funguo ni zako."

Basi kukakucha.

Kabla ya kuondoka, Générose alifungua boneti na kushika bisibisi. Lillian akawasha, akakanyaga mafuta, Générose akatazama bomba la moshi, akazungusha skrubu ya pampu ya dizeli kidogo kama anayetia chumvi kwenye chungu cha watu. Moshi mweusi ukapungua. Akazungusha tena. Ukapungua zaidi. Wauza maandazi wa Gitega walikuwa wamekwisha jipanga ukutani kutazama. Siku zote za kuizoesha injini walimwita Lillian Mama Turbo, wakimcheka anavyopanda mlima wa Nyabugogo akikanyaga na kuachia, akikanyaga na kuachia, kwa sababu Générose alimwambia injini mpya ikibembelezwa mno inakuwa vivu maisha yake yote. Leo hawakucheka. Mmoja alileta maandazi yamefungwa kwenye gazeti, akayaweka kwenye kiti cha mbele, akaondoka bila kungoja ahsante.

Nkusi akafika na mkewe, Shami. Suti ya kijivu, viatu vinavyong'aa. Alikagua magunia ya viazi yaliyojazwa nyuma, zawadi ya Shangazi, akauliza kama kweli shemeji yake anataka kujiaibisha mbele ya fundi. Lillian akamjibu kwamba kiti cha mbele ni chake, aone vizuri. Shami akaketi kiti cha katikati, nyuma ya mumewe. Générose akajibana nyuma kabisa kati ya magunia, mahali ambapo mlango haufunguki kwa ndani.

Pijo ikawaka kwa mguso mmoja.

Walishuka upande wa Gikondo. Usukani wa gari la Kampala uko kulia, na Kigali watu wanaendesha kulia, kwa hiyo kila walipotaka kulipita lori, Nkusi aliyekaa kushoto ndiye aliyeona mbele kwanza. Lillian akamwomba amwambie kama njia ni nyeupe. Nkusi akatazama dirishani. Akamwomba tena. Nkusi akainama kufuta vumbi kiatuni. Basi Shami akajinyoosha juu ya bega la mume wake.

"Pita, wifi. Hakuna mtu."

Nkusi akageuka kumtazama mkewe kama anayemwona leo.

Kwenye kizuizi cha barabarani, askari kijana aliangalia magunia, akamwangalia Lillian, akauliza anampelekea nani viazi vyote hivyo. Alipoambiwa ni kwa mama mzee anayekaa peke yake Rebero, hakuuliza zaidi. Alikwenda mwenyewe kuviringisha jiwe lililokuwa njiani.

Kisha mlima ukaanza.

Mlima wa Rebero wakati ule ulikuwa vumbi na makorongo, na mvua za Desemba zilikuwa zimeuchimba. Lillian akatia gia ya pili. Akakanyaga. Ule mluzi mwembamba wa turbo ukapanda, gari likavuta, magunia yakasukumana nyuma. Kona ya kwanza. Kona ya pili. Moyo wake ukaanza kuimba.

Paa!

Kitu kilipasuka chini ya boneti. Mluzi ukakatika. Gari likalegea kama mtu aliyekatwa miguu, na moshi mweusi, mzito, ukajaza njia yote nyuma yao. Lillian akalivuta pembeni, likasimama.

Nkusi akaunyoosha mkono wake polepole, kiganja juu, akaungoja ufunguo.

"Urudishe huo mkono, shemeji," akasema Lillian. "Gari limesimama. Halijafa."

"Shemeji, moshi ule..."

"Moshi ule ni mweusi. Tulipatana buluu."

Alikuwa amekwisha shuka. Akamfungulia Générose, wakainua boneti pamoja. Générose akatazama, akacheka kwa pua. Mpira mnene unaoleta hewa kutoka kwenye turbo ulikuwa umechomoka mahali pake, na pete ya chuma iliyoushika imekatika vipande. Injini ilikuwa inakunywa dizeli bila hewa, ndiyo maana ilitapika ule weusi. Haikuumia. Lakini bila pete hawapandi hata hatua, na siku ya Jumapili pete itatoka wapi?

Lillian akatafuta waya kwenye gari. Hakuna. Nkusi, bado ameketi, akasema kwa upole kwamba hakuna aibu kushindwa, kila mtu ameona alivyojitahidi. Upole ule ulimchoma Lillian kuliko tusi.

Ndipo Shami akashuka.

Alikwenda nyuma, akashika gunia la kwanza, akaanza kufungua mdomo wake. Magunia ya viazi ya kwetu hufungwa kwa ukanda uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi, na hakuna kitu duniani kinachobana kama ule. Akaukung'uta vumbi, akauleta mbele.

"Huu utatosha?"

Générose akauzungusha, akauvuta kwa meno, akauzungusha tena mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Ukashika.

"Shami," akasema Nkusi, "hivi wewe uko upande wa nani?"

"Upande wa kufika," akajibu mkewe. "Na lile gunia sasa liko wazi. Likimwagika, Shangazi atakula nini?"

Kwa hiyo, wasomaji wangu, bwana mwenye ofisi alipanda Rebero amehamia kiti cha nyuma kabisa kando ya fundi, amekumbatia gunia kwa mikono miwili kifuani, vumbi la viazi likiipaka suti ya kijivu. Shami akakaa mbele, akawa ndiye macho ya njia. Mluzi wa turbo ukarudi. Lillian alikanyaga mpaka mwisho na hakuachia, gia ya pili, gia ya pili, injini ikiunguruma moto wake wote, mpaka lango la mbao la Shangazi Mukabalisa likaonekana juu, na Shangazi mwenyewe amesimama pale kwa vazi lake la Misa.

Wamefika. Hakuna moshi wa buluu. Lillian akavuta breki ya mkono, na mkono wake wa kulia ukaenda kwenye ufunguo.

"Zima," Nkusi akamhimiza kutoka nyuma. "Mzee amesimama."

Na hapo mkono ukamgandia hewani.

Aliuona mkono wa Rwema. Rwema hakuwa na mpinzani kwa adabu. Lango la mzee lolote, kabla hata magurudumu hayajatulia, Rwema alikuwa amekwisha zima gari, amevua kofia, yuko chini anasalimu kwa mikono miwili. Ndivyo alivyofanya kwa baba yake Lillian, siku ile walipopanda mlima kwa haraka kuwahi harusi. Alizima papo hapo, injini ikiwa moto. Walipotaka kuondoka, gari likalia kama chuma kinachokatwa na moshi wa buluu ukafunika ua. Hiyo ndiyo mara ya kwanza. Na ya pili? Nkusi, Oktoba, mlima huuhuu, lango hilihili.

Uani Gitega, kila jioni, Générose humfanya aiache injini ingurume kidogo kabla ya kuizima. Kule hakuna mzee langoni, kwa hiyo hakuwahi kujiuliza.

Akauondoa mkono kwenye ufunguo.

"Shemeji, unafanya nini? Unamwamkia Shangazi gari linanguruma? Kama polisi?" Nkusi aliliachia gunia, viazi vikatiririka, akapanda juu ya kiti cha katikati, akajinyoosha kuufikia ufunguo mwenyewe.

Lillian akamdaka kifundo cha mkono.

"Usiguse."

Ilisemwa taratibu. Nkusi akarudi nyuma.

Lillian akashuka, gari likinguruma mgongoni mwake, akamwendea yule mama. Walikumbatiana kwa namna ya kwetu, ndefu, mikono mabegani, wakiulizana amani. Lakini macho ya Shangazi yalikuwa kwenye gari.

"Kumbe unapita tu," akasema.

"Sipiti, Shangazi."

"Gari linanguruma, mwanangu. Mwaka huu watu wamesimama hapo ulipo, gari linanguruma, wananiuliza fulani yuko hai, fulani yuko hai. Nikijibu wanaondoka. Hakuna aliyezima. Nkusi peke yake alizima, likakataa kuwaka, akalala hapa. Mungu anisamehe, nilifurahi."

Lillian akageuka kulitazama gari. Ingekuwa rahisi sana kurudi na kulizima. Ishara moja tu ya mkono, na moyo wa huyu mama ungetulia. Na kesho wauguzi wangengoja barabarani, na Cyusa angengoja Kampala.

"Shangazi, nisikilize nimalize. Gari hili likipanda mlima linahema. Kile kikonokono ndani kinazunguka kwa kasi mno, kinapozwa na oili. Nikizima sasa hivi, oili inasimama, chenyewe bado kinazunguka, kinajisaga kikavu. Rwema alizima langoni kwa sababu alikuwa na adabu. Nkusi pia. Ni adabu yetu iliyoliua mara mbili. Mimi nimekuja kukaa. Nina viazi, nina maandazi, nina siku nzima. Lakini lazima lipumue kwanza, na hata ukinikasirikia sitalizima."

Shangazi aligeuka, akaingia ndani.

"Umeona?" akasema Nkusi aliyekuwa amefunguliwa mlango, suti yake imejaa vumbi. Lakini sauti yake haikuwa na nguvu. Alikuwa anakumbuka Oktoba, na uso wake ulikuwa unakubali kabla ya mdomo.

Shangazi akatoka tena. Mkononi ana kigoda. Akakitua kando ya gurudumu la mbele, akakaa, akaweka kiganja chake juu ya boneti yenye moto kama anayempima mtoto homa.

"Basi nitangoja nalo," akasema. "Haya, habari za Kampala?"

Wakazungumza hapohapo, injini ikinguruma katikati yao kama mgeni wa tano. Lillian alieleza habari za Cyusa, meno yake ya mbele yaliyong'oka na yaliyoota. Shami akaokota viazi. Polepole sauti ya gari ikashuka, ikawa laini, na Générose akatikisa kichwa kukubali.

"Sasa?" akauliza Shangazi.

"Sasa."

Lillian akazima. Shangazi akasimama, akamshika mkono, akamwingiza nyumbani.

Walikula, wakanywa chai, jua likapinda. Ndipo likaja jaribio la mwisho, lile lililomshinda Rwema: kuwasha tena. Nkusi mwenyewe akaomba achuchumae nyuma ya gari. Lillian akageuza ufunguo. Pijo ikawaka. Moshi mwembamba ukatoka, ukatawanyika. Nkusi alibaki pale amechuchumaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akingoja buluu isiyokuja.

Aliposimama, alitia mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa pili ambao hakuna aliyejua anao, akaufungia kwenye kiganja cha Lillian.

"Shangazi hana haja ya kuamua," akasema. "Nenda kachukue wauguzi wako. Na mtoto aje."

Lillian hakulia. Alisema tu kwamba Jumatatu atahitaji mtu wa kumwonea njia upande wa kushoto. Nkusi akasema wauguzi wana macho. Shami akacheka, na huo ukawa mwisho wa ile vita.

Au ndivyo alivyodhani.

Walipokuwa wanapanda garini, Shangazi akamvuta Lillian kando, nyuma ya jiko, mbali na masikio ya Nkusi.

"Tazama dirisha la chumba cha nyuma," akanong'ona. "Usigeuze kichwa chote."

Pazia lilikuwa limefunguka kidogo. Nyuma yake kulikuwa na uso wa msichana, miaka kumi na tano hivi, mwembamba, macho makubwa. Lillian hakuwahi kumwona maishani. Lakini zile nyusi zilizokutana katikati alizifahamu. Na kile kishimo kidevuni alikuwa amekibusu kwa miaka tisa, mpaka siku walipokifunika kwa shuka Kampala.

Kabla ya kujuana na Lillian, Rwema aliendesha malori ya Kampala na Kigali. Hakuwahi kueleza zaidi ya hapo.

"Anaitwa Kaliza," akasema Shangazi. "Nilimficha humu tangu mauaji ya Aprili, na hata sasa gari likija hujificha chini ya kitanda mpaka liondoke. Leo lilinguruma, likanguruma, halikuondoka. Akaja dirishani mwenyewe. Nkusi hajui lolote. Njoo tena Alhamisi, mwanangu, uje peke yako, nakusihi. Ana swali moja tu, na ni wewe wa kumjibu: anataka kujua baba yake alikuwa mtu wa namna gani."